Leokadia Hatangoja Kibanjani

Kitendaguro, alasiri

Mwanangu Kamugisha,

Salamu naziruka, maana asubuhi tumeamkiana na uji tumekunywa pamoja. Unajua sijambo, unajua mgongo unaniuma. Nakuandikia wewe unayelala chumba cha pili kwa sababu moja tu: nikikuambia kwa mdomo utasema, "Mae, tulia," nami nitatulia, kama ninavyotulia siku zote ukinitazama kwa macho hayo yako. Karatasi haitulii. Isome mpaka mwisho, ndipo useme.

Leo sikwenda kiwandani. Msimamizi akiuliza, wenzangu watamwambia naumwa, na si uongo mkubwa. Miaka yote hii ya kuinama juu ya meza kuchambua kahawa, kutoa punje nyeusi na zilizovunjika, imenifanya mtu wa kuumwa hata nikiwa mzima. Nimekaa mlangoni penye mwanga na ile kalamu uliyoiacha dirishani. Darasa la nne la masista halikunifundisha kuandika barua ndefu, kwa hiyo vumilia mistari inayopanda na kushuka.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya mbung'o na ya kwenda misa sitayaandika. Umeoa, una ndevu. Kesho alfajiri lori linawachukua vijana kwenda kufungua kijiji cha ujamaa huko porini upande wa Biharamulo, na hakuna mama atakayepanda juu ya lori kukukumbusha kufunga vifungo. Nakuandikia juu ya mkeo Leokadia, na mimba aliyonayo, na ahadi uliyompa baba yako mkubwa, Ta Lauriani, Jumapili.

Ndiyo, najua uliahidi. Wewe hukuniambia. Aliniambia mzee mwenyewe alipokuwa akitoka hapa, kofia mkononi, anacheka.

"Mke wetu," akasema. Miaka yote hii bado ananiita hivyo! "Mke wetu, mwanao ana akili kukushinda. Amekubali mkewe aje kungojea kwetu. Mtoto akizaliwa kibanjani, nitamkatia Kamugisha ile sehemu ya chini penye migomba minene. Yeye aende akajenge huo ujamaa wao. Mke atangoja."

Nilimsindikiza mpaka njiani kwa adabu, nikarudi nikapiga teke ndoo.

Neno hilo, "mke atangoja", wewe umelisikia Jumapili. Mimi nililiishi. Mke aliyengoja katika kibanja kile kile, huko Muleba karibu na Rubya, chini ya macho ya Ta Lauriani yule yule, ni mimi, na mtoto aliyekuwa tumboni ni wewe. Umekua ukiokota habari hizo vipande vipande, mara kwa shangazi, mara kwa walevi. Leo nakupa zote.

Baba yako Petro alikuwa mtoto wa mwisho. Kibanja, nyumba na migomba yake yote, kilikuwa cha ukoo, mkuu wake kaka yake mkubwa, huyo Lauriani, na kwa Petro hapakubaki hata mgomba wa kujifunikia. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana, hata nyasi za sakafuni tulizotandikiwa siku ya harusi hazijakauka vizuri, akaamua kwenda Uganda kwenye mashamba ya miwa. Siku aliyofunga mzigo alinikuta nyuma ya nyumba namenya ndizi. Akachutama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Twende wote."

Nataka ulijue hilo, kwa sababu umekua ukisikia kwamba alitutupa. Alisema twende. Mimi nikainuka nikakimbia kwa mama mkwe kuomba ruhusa, kama mtoto wa shule anayeomba kutoka nje. Mama mkwe akasema bibi harusi hatoki kibanjani kabla hajazaa. Nikarudi, nikamwambia Petro, "Mama amekataa."

Akanitazama. Akasema, "Mimi sikumwambia mama. Nilikuambia wewe."

Akaondoka.

Kosa langu ni hilo. Mengine yote wanayoyaita makosa yangu huko Muleba, mpaka leo wakinywa lubisi, pombe yao ya ndizi, wanayasimulia, sijutii hata moja.

Alipoondoka sikujua kama nina mimba. Nilijua baadaye, harufu ya ndizi mbivu za pombe ilipoanza kunitapisha, na mimi nilikuwa nazipenda. Hapo ndipo walipoanza kunilinda. Unaweza kufikiri kulindwa ni kupendwa. Nililazwa chumba kimoja na mama mkwe. Nikienda kisimani nafuatwa na mtoto. Nikisalimiana na mwanaume njiani, jioni naulizwa ni nani na amesema nini. Na kila mgeni aliyekuja, kabla hajakaa, aliambiwa Petro aliondoka lini, kisha wote wananitazama tumbo na midomo yao inachezacheza wakihesabu. Shangazi yako Bibiana alikuwa bado msichana, ulimi kama kisu cha kumenyea. Alikuwa akinipita uani akiimba, "Mume Uganda, tumbo Rubya! Ni upepo wa ziwa huo, jamani, ni upepo!"

Wenzake wanacheka. Mimi nasukuma jembe.

Kazi sikuiogopa, wala njaa haikuwapo. Kitu kilichonishinda ni kidogo na utakiona cha kitoto. Siku uliyocheza tumboni mara ya kwanza nilikuwa juu rweya, kwenye nyasi zile za wazi, nang'oa njugu mawe. Ukapiga mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Nikasimama wima na majani mkononi. Nikatazama huku na huku nimpate wa kumwambia. Palikuwa na mbuzi aliyefungwa. Nikamwambia mbuzi.

Nimesimulia hadithi hiyo mezani kwetu kiwandani wanawake wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, nami nikacheka nao. Siku ile sikucheka. Nilipoteremka nyumbani sikumwambia mtu, maana wangehesabu tena.

Na kulikuwa na uongo wetu, wangu na wa baba yako. Kila msafiri aliyekwenda Uganda nilimpa ujumbe: mwambie Petro sijambo, kwema. Nilikuwa natema mate kutwa, miguu imevimba, nalia nikichota maji, na ujumbe unasema sijambo. Yeye naye akarudisha: hajambo, kazi njema. Baadaye sana nilikuja kusikia kwamba miezi ile ile alikuwa amejikata mguu kwa panga la miwa, amelala kambini anashindwa hata kusimama. Watu wawili wazima, kila mmoja hajambo. Kama mmoja wetu angethubutu kusema "naumwa, njoo", sijui leo tungekuwa wapi. Hatukuthubutu. Tulilelewa hivyo, na nakuona na wewe unaelekea huko huko na hiyo taya yako iliyokazwa.

Ulizaliwa wakati wa kuchuma kahawa. Ulitoka na masikio ya Petro, yale yale yaliyosimama kama ya popo, hata Bibiana akauacha wimbo wake. Lakini Ta Lauriani akasema mbele ya wazee, "Masikio si ushahidi. Petro aje amtazame mwenyewe." Na mpaka Petro aje, kitovu chako kisizikwe.

Wewe umekulia mjini, labda hujui uzito wake. Kitovu kikikauka kikadondoka, wenye kibanja hukizika chini ya mgomba, na tangu hapo mtoto ana mahali pake duniani. Kazi hiyo ni ya ukoo. Mke aliyeletwa hana ruhusa kuigusa. Kwa hiyo kitovu chako kikakaa kwenye kipande cha jani, siku zikapita, nami nakaa nakitazama kama mtu anayeshika mzigo wa mwenzake stesheni.

Siku moja mchana, watu wamejaa uani wanakunywa lubisi, nilichukua jembe. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mgomba ulio mbele ya mlango wa Ta Lauriani, ule uliokuwa na mkungu mkubwa kuliko yote, nikaanza kuchimba.

"Unafanya nini wewe mwanamke?"

"Napanda."

"Unapanda nini hapo?"

"Mtoto wa Petro."

Nikafukia, nikakanyaga udongo kwa mguu, nikarudisha jembe mahali pake. Mzee mmoja alikuwa na kibuyu mdomoni akasahau kumeza.

Kesho yake asubuhi Ta Lauriani akaukata mgomba ule, akaufyeka mpaka chini na mkungu wake mbichi. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kunitetea hata siku moja, akatoka akapiga yowe, "Lauriani! Ulikuwa haujakomaa!" Alikuwa analilia ndizi. Majirani waliokuwa wakinisema mimi wakapata jambo jipya: mtu mzima aliyepigana na mgomba. Mimi nilikuwa nimeshakufunga mgongoni. Nilipata lori la kahawa lililokuwa likija Bukoba, nikakaa juu ya magunia, na tulipofika Kemondo nikaliona ziwa limefunguka lote, nikakunyonyesha nikilitazama. Sikulia. Waliosema nililia hawakuwapo.

Tangu hapo unajua. Meza ya kahawa, chumba hiki, wewe chini ya meza unacheza na maganda. Baba yako alituma neno kwamba atarudi Uhuru ukija. Uhuru ulikuja. Nilikuvalisha kaptula mpya tukashuka mjini, tukacheza ngoma mpaka sauti ikakauka, na kila mwanaume mgeni niliyemwona nilimtazama masikio. Hakuja. Baadaye nikasikia ana nyumba Masaka na watoto. Simlaani. Lakini sikumngoja tena hata siku moja, na watu wanaosema nilikuwa mke mbaya nawaambia: nilikuwa mke wa kungoja, basi kazi hiyo nikaiacha.

Sasa Ta Lauriani anakutaka. Masikio yako leo yamekuwa ushahidi! Umejiuliza kwa nini? Wanawe wametawanyika Kampala na Dar es Salaam, hawataki kusikia habari ya jembe. Migomba inaliwa na wadudu, kahawa haijapunguzwa matawi, na wale vibarua waliokuwa wakija kutoka mbali siku hizi hawaji. Mzee anahitaji mikono. Hatafuti mjukuu, Kamugisha. Anatafuta jembe, na hajali kama lina mimba.

Najua nawe unachofikiri. Unafikiri: nitakuwa na shamba la kijiji huko, na kibanja cha ukoo huku, na mke wangu ataketi juu ya kile cha huku asikichukue mtu. Ni hesabu nzuri. Mtu aliyekulia chumba cha kupanga huota migomba, sikulaumu. Ila katika hesabu hiyo umemweka Leokadia kama jiwe linalozuia nguo isipeperuke.

Hapa nilitaka kumaliza. Nilikuwa nimeshaamua, na nilitaka kukuandikia kwamba Leokadia hatakwenda Muleba, atakaa hapa na mimi, atazalia hospitali ya misheni, na wewe na mzee wako mkitaka mje mnipige. Nikaweka kalamu nikaenda kumwambia. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za chakula chako cha leo.

Nikamwambia, "Mwanangu, usiogope. Huendi kokote. Utakaa na mimi, nimeshaamua."

Nilidhani atanishukuru. Akaendelea kumenya. Ganda, ganda, ganda.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Ma. Ta Lauriani ameamua nizae kule. Wewe umeamua nizae hapa. Kamugisha ametangaza kama redio." Akatupa ndizi chunguni. "Huyu mtoto yuko tumboni kwa nani?"

Nilikaa chini, Kamugisha. Juu ya kinu, maana kigoda kilikuwa mbali. Mimi, niliyepigana na ukoo mzima! Nilikuwa nimeshika tumbo la mtoto wa watu navuta upande wangu, na mzee anavuta wake. Tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi nilikuwa navuta kwa upendo. Mwenye tumbo hajui tofauti hiyo, anasikia maumivu tu.

Nikamuuliza, na nikaona haya kwamba ndiyo mara ya kwanza: "Wewe unataka wapi?"

"Alipo."

"Ni porini kule. Hakuna nyumba."

"Watajenga. Na mimi nina mikono."

"Wamesema wake watafuata baadaye."

"Wamesema," akasema, na hapo akacheka, kile kicheko chake kifupi. "Ma, mimi sitaki kumwambia mbuzi."

Kumbe nilishamsimulia. Mdomo wangu!

Tulikuwa bado hapo jikoni, balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Kristofa, akapita kuhakikisha kwamba utakuwa tayari alfajiri. Leokadia hakumngoja hata aketi.

"Ta Balozi, kesho na mimi napanda."

"Unapanda wapi, binti?"

"Lori."

"Aa! Lori la wanaume hilo. Nyinyi mtafuata nyumba zikishaezekwa."

"Nyasi za kuezekea atakata nani?"

Balozi akanitazama mimi nimsaidie. Nikatazama chungu.

"Binti, una mimba."

"Mimba si ndui. Wewe kila mkutano unatuambia ujamaa ni kufanya kazi bega kwa bega. Bega langu liko Kitendaguro na la mwenzangu liko Biharamulo, kazi hiyo tutafanyaje?"

Ta Kristofa ni mtu mwema, ila hajazoea kujibiwa maneno yake mwenyewe. Alivua kofia, akavaa, akavua tena. Akasema, "Ma Kamugisha, huyu mkwe umemtoa wapi?" Nikamwambia alikuja hivyo hivyo. Akafika mlangoni, akageuka. "Mimi sijasikia kitu. Lakini asikae nyuma kwenye mizigo. Akae mbele na dereva. Nitamwambia dereva kuna mtu anaumwa mgongo." Akaenda zake.

Basi mambo yalipofika ndipo hapo. Umetoka kuwaaga rafiki zako, utarudi ukute nguo za Leokadia zimefungwa. Usipige kelele. Atakuambia mwenyewe mkishakula, na mimi sitakuwapo, nitakuwa kwa jirani Ma Tekla nasali rozari, polepole kuliko kawaida. Barua hii nitaiweka mkononi mwako ukiingia, ili hasira yako uimalizie kwangu.

Kama bado unataka aende akalinde migomba, mwambie. Lakini mwambie wewe, mkiwa wawili, umemtazama usoni, na uwe tayari kusikia jibu. Usimtume mzee, usinitume mimi. Mimi nimeacha kazi ya kumwamulia, tangu saa ile ya kinu. Na akija na wewe, kabla hujauliza shamba lako liko wapi, uliza zahanati iko wapi na njia ya kwendea uitembee mwenyewe kwa miguu. Niliahidi sitaandika maagizo. Hilo si agizo, hilo ni sharti.

Akiumwa, akuambie. Ukiumwa, umwambie. Kama huko mtagombana, na mtagombana, maana nyumba ya nyasi ina kuta nyepesi na yeye ana ulimi, gombaneni mkiwa mmekaa chini ya paa moja. Mimi na baba yako hatukuwahi kugombana hata siku moja. Hatukupata nafasi.

Kibanja utakikosa. Nakuambia wazi ili usije ukasema sikukuambia. Ta Lauriani hatasamehe mara mbili. Mtoto wako atazaliwa mahali ambapo hakuna kaburi la babu wala mgomba uliopandwa na mtu aliyekufa, na watu watamcheka: mtoto wa porini. Wacheke. Nimechekwa nusu ya maisha yangu na meno yangu bado ninayo. Kitovu chake mtakizika nyinyi wawili, chini ya mgomba mtakaoupanda wenyewe, na asiwepo mtu wa kuja na panga.

Mimi nitabaki. Usinionee huruma, nitakasirika. Vyumba vyote viwili vitakuwa vyangu, nitanyoosha miguu. Nikikuhitaji nitatuma neno, na safari hii neno litakuwa "njoo".

Liko jambo moja la mwisho. Ta Lauriani aliniambia atakuja kesho, lori likishaondoka, kumchukua Leokadia. Atafika na basi la asubuhi. Nimekwisha jipanga. Nitampokea kwa heshima zote za mkuu wa ukoo, nimpe kigoda kizuri, nimpe punje za kahawa za kutafuna na maji ya kunawa. Nitamuuliza habari za nyumbani, mtu mmoja mmoja, hai na marehemu. Nitamuuliza habari za mgomba mmoja mmoja. Akipata nafasi ya kuniuliza mkwe yuko wapi, nitamwambia mlipishana njiani, Kemondo au mbele kidogo.

Kwa hiyo mkiwa barabarani angalieni basi linalokuja. Mkiliona, Leokadia akiwa mbele kwa dereva na wewe juu na wenzako, toeni mikono nje. Mpungieni mzee. Wote wawili.

Mama yako